Udongo Uliomeza Rangi

Dada yangu alikuwa amehamia kwangu Kasulu kutoka Kitahana ili ajifungulie karibu na hospitali. Kliniki ilimwambia damu yake ni ndogo, ikampa vidonge vya madini ya chuma. Alivimeza wiki baada ya wiki, na damu haikupanda. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu mpya wa kemia, niliyeamini kwamba elimu isiyomgusa mtu ni pambo tu.

Jumamosi moja nilikuwa nikijaribu nyumbani somo la Jumatatu, nikakosa udongo laini. Dada akafungua pindo la kanga, akanimegea wake wa kutafuna.

"Unirudishie, Mwalimu. Huo ndio unanishushia vile vidonge. Bila huo natapika."

"Nitakurudishia wa buluu, dada."

"Mtoto akitoka wa buluu, utamlea wewe."

Niliupaka kwenye kioo, utando mwembamba, nikaudondoshea rangi ya buluu ya maabara. Dirisha nililiziba kwa boksi, nikaacha ufa. Mwanga wa jua ukapenya utando, ukapita katika mche wa kioo, ukatandaza rangi zake ukutani. Nyekundu haikuwapo, buluu ilikuwa imeimeza. Nikadondosha maji ya vitamini C. Polepole ile buluu ilipokea elektroni, ikafifia, na nyekundu ikarejea ukutani. Hewa ilipozichukua elektroni hizo, nyekundu ikazimika tena.

"Sasa uoshe," dada alisema.

Niliosha, nikarudia. Maji yalitoka safi. Utando ukabaki wa buluu. Nikamweleza kwa furaha kwamba udongo ni kurasa nyembamba mno zilizopangwa. Rangi imeingia katikati ya kurasa. Humo inapokea na kuachia elektroni, lakini haitoki.

Akaacha kutafuna.

"Na dawa je? Nayo ikiingia humo, inatoka?"

Kioo kilinitoka mkononi. Midomo yake ilikuwa bado na vumbi la udongo.

"Yoo mawe," alinong'ona kwa Kiha, akimwita mama, akautemea kiganjani.

Jumatatu sikufundisha; nilimsindikiza kliniki. Muuguzi aliposikia, alishika kichwa. "Nani alikwambia umeze vidonge kwa udongo?"

"Nani aliniuliza?" dada alimjibu.

Mwezi uliofuata, dada akiwa anameza vidonge kwa chakula bila udongo, muuguzi yule alimgeuza uso kuelekea dirishani, akalivuta kope la chini. Palipokuwa peupe palikuwa na wekundu hafifu wa damu. Nilisimama nyuma yao, nikainama niuone vizuri.