Randa ya Fundi Odongo

Ukitaka kumchokoza Fundi Odongo wa Kaptembwo, mwambie kitu fulani ni kitakatifu. Atacheka mpaka akohoe, kisha atakusema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Bendera kwake ilikuwa kitambaa. Pete ya ndoa, chuma. Makaburi, shamba lisilolimwa. Na kanisa la mabati la Pasta Gedion, lililokuwa ng'ambo ya barabara tu kutoka karakana yake, aliliita zizi la wajinga.

Tena yeye ndiye aliyelitengenezea mimbari. Alinunua kaunta ya baa moja iliyofungwa kule Karagita, mvule mzito, akaikata, akaipiga msasa na vanishi, akawapelekea. Siku ya kuiweka wakfu, Pasta aliimwagia mafuta, akina mama wakalia, ikatangazwa kwamba hakuna atakayekanyaga tena jukwaa lile na viatu. Odongo alisimama mlangoni akijishika mbavu.

"Aka! Walevi wametapikia mbao hiyo miaka nenda miaka rudi, leo mnaibusu? Mbao ni mbao, jameni!"

Mkewe Nakhumicha, mwimbaji wa kwaya, alitamani ardhi immeze. Kwa mama wa watu hakukuwa na Jumapili bila dhihaka. Akivaa joho, anaitwa pazia. Akifunga kula, anaulizwa kama unga umepanda bei. Mzee huyo alikuwa mtu wa kuchosha, tuseme ukweli.

Lakini kulikuwa na randa. Babake Odongo aliirandia mbao za mabehewa enzi zake za reli, na alipokufa ikabaki kwa mwanawe. Ilikuwa na rafu yake peke yake, imefunikwa kwa fulana safi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nakhumicha alikuwa akipangusa vumbi kuizunguka. Odongo mwenyewe hakuishika kabla ya kufuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, hata ikiwa safi. Ukimwuliza, anasema jasho huharibu chuma. Uongo mtupu! Misumeno yake yote ilikuwa imeota kutu.

Basi Pasta Gedion akatangaza Jumapili ya madhabahu: kila nyumba ilete kitu inachokipenda kuliko vyote, na kikishawekwa hakirudi. Watu, wanafiki kama kawaida yao, wakaleta sufuria zilizotoboka na redio zilizokufa. Nakhumicha akaleta randa.

Odongo alipoikuta rafu tupu hakuuliza mtu. Alivuka barabara mbio, gambuti zimejaa matope ya mvua ya jana, akaingia kanisani katikati ya wimbo.

"Nirudishieni randa yangu!"

Pasta alitabasamu. Alikuwa ameingoja siku hii tangu ile ya mimbari. "Fundi, si hiyo ni mbao na chuma tu? Haya, sema mbele ya watu hawa kwamba kuna kitu kitakatifu duniani, uichukue uende nayo."

Kanisa zima likamgeukia.

"Sema tu, Baba Valarie," Nakhumicha akamwambia kutoka kwenye kwaya. "Neno moja. Mimi nimeyameza yako miaka yote."

Machozi yalimlengalenga Odongo, na hilo likamuudhi zaidi.

"Ni mbao," akasema. "Mbao na chuma. Na ni yangu."

Akapanda jukwaani na gambuti zake, matope yakibaki kwenye zulia jekundu, wazee wa kanisa wakipiga kelele, "Shindwe! Shindwe!" Wala hakuwatazama. Alifika kwenye madhabahu, akanyoosha mkono aichukue, kisha akaurudisha. Mbele ya kanisa zima akafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, taratibu, kama alivyofanya siku zote.

Huko kwenye kwaya Nakhumicha aliangua kicheko, akacheka mpaka akakohoa.