Sitaha ya Fundi Fremu

Wapo wanaosema wivu ni ugonjwa wa wanawake. Hao hawajawahi kukaa hata dakika tano karibu na Fundi Fremu wakati mdogo wake akisifiwa.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, mkimya, mwenye vidole vilivyonuka gundi hata siku za mapumziko. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi saa na muuza vitambaa, na humo, kwa miaka ishirini na minane, alikuwa akitia fremu picha za watu wengine: maharusi, wahitimu, marehemu, watoto wasio na meno. Kona zake zilikutana hata unywele usipite. Lakini ni nani atazamaye kona? Mteja akija kuchukua picha yake hujitazama mwenyewe, hutabasamu, huondoka. Kazi ya fremu ni kukaa pembeni, na Fundi Fremu alikuwa amekaa pembeni mpaka roho ikaota kutu.

Sebuleni kwa mama yake, mwalimu mstaafu ambaye hadi leo hutoa alama kwa kila kitu, chai ikiwemo, ukuta mzima ulijaa fremu zake. Mgeni akiingia, mama alimpitisha ukutani: huyu ni marehemu mume wangu, huyu ni mimi siku ya kustaafu, hawa ni wajukuu. Kisha alimfikisha kwenye kabati la vioo, na hapo sauti yake ilibadilika.

"Na hizi," alisema, "ni kazi za mwanangu."

Za mwanangu. Kana kwamba alizaa mmoja.

Kabatini mlikuwa na ndege tisa za mfano, zilizounganishwa kipande kwa kipande na mdogo wake Fundi Fremu na kupakwa rangi kwa brashi nyembamba kama kope. Watu walimwita Rubani, ingawa hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kupima watu macho katika kliniki. Alikuwa mnene kidogo, mcheshi, hana kinyongo na mtu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi kaka yake. Mtu mwenye majivuno unaweza kumchukia na ukalala usingizi wako. Rubani, kila akisifiwa, alikuwa anaona haya, anasema ni bahati tu, kisha anamgeukia kaka yake na kumuuliza habari za duka.

Jumapili moja, wakiwa mezani kwa mama, Rubani alieleza kwamba maktaba ingefanya maonyesho na mashindano ya kazi za mikono. Alikuwa amemaliza ndege yake ya kumi, ndege ya kivita ya kijivu, na hakutaka kuipeleka imekaa juu ya kitambaa kama kikombe. Alitaka isimame juu ya kipande cha sitaha, ile sakafu ya juu ya meli kubwa inayobeba ndege baharini, ionekane imo kazini. Tatizo, alisema, yeye mbao hazimsikii.

Mama hata kijiko hakuweka chini. "Si kaka yako yupo? Atakutengenezea hicho kitako. Yeye ndiye wa mambo ya mbao."

Mambo ya mbao. Miaka ishirini na minane ya kona zisizo na mwanya, na yote yakaingia ndani ya maneno matatu. Fundi Fremu alihisi mguu wa mkewe ukikanyaga wake chini ya meza, akajikaza kisabuni na kusema hakuna shida, atatengeneza. Njiani kurudi nyumbani mkewe alimwambia kwamba usoni alikuwa anacheka ila shingoni amevimba.

Rubani alimletea picha ya sitaha aliyoikata kwenye gazeti, pamoja na kipimo: ndege yake ilikuwa ndogo mara arobaini na nane kuliko ile ya kweli, na sitaha nayo ifuate hivyo hivyo. Alipoondoka, Fundi Fremu aliitwaa ile picha, akaitazama kwa kioo cha kukuzia alichoazima kwa fundi saa, na nia ikamjia ikiwa imekamilika. Angetengeneza sitaha ya kumfanya mtu asahau kuna ndege juu yake. Safari hii fremu ingeila picha.

Alichagua plaiwudi nene, akaipiga msasa mpaka povu la pimamaji likatulia katikati popote alipoliweka. Kwenye picha aliona sitaha imejaa vishimo vya duara, kila kimoja na vyuma vilivyopishana ndani yake kama msalaba, vya kufungia minyororo ya ndege zisiteleze baharini. Mtu mwingine angevichora kwa kalamu. Yeye alivitoboa kwa keekee, mia moja thelathini na viwili, kila kimoja sentimita tatu kutoka kwa jirani yake, na ndani ya kila kimoja akapachika vipande vya waya kwa koleo la kung'olea nyusi la mkewe. Alichonga mfereji mrefu wa mtambo unaoisukuma ndege kuruka. Alipaka rangi ya kijivu iliyokoza, akainyunyizia, ingali mbichi, mchanga aliouchekecha kwa soksi, ili pawe na ukwaru wa kuzuia miguu kuteleza. Alivuta mistari myeupe na ya njano iliyonyooka kama hukumu.

Kilichomtesa ni uchafu. Sitaha ya kweli ina madoa ya mafuta na alama za magurudumu, na Fundi Fremu hakuwahi maishani kuchafua kitu kwa makusudi. Siku mbili alikizunguka kile kitako akiwa na kitambaa chenye masizi mkononi. Hatimaye alikipaka, kidogo kidogo, akisonya, na kweli kikawa hai. Muuza vitambaa aliyekuja kuomba mkasi alisimama akaduwaa, akasema mtu angeweza kutembea pale. Fundi Fremu aliishi na maneno hayo wiki nzima.

Siku moja kabla ya maonyesho Rubani alileta ndege na kukimbilia zamu yake kliniki. Alimwomba kaka yake aigandishe mwenyewe na kuipeleka maktaba moja kwa moja, kwa sababu, alisema, mikono yako naiamini kuliko yangu.

Fundi Fremu aliisimamisha juu ya sitaha penye mfereji. Akayashika mabawa yakae sawa, akainama kuitazama usawa wa jicho. Gurudumu la mbele lilikuwa limekanyaga. La kulia limekanyaga. La kushoto lilikuwa linaning'inia.

Mwanya wenyewe ulikuwa unene wa kadi ya harusi. Alipima sitaha mara tatu. Sitaha haikuwa na kosa. Mguu wa ndege ulikuwa mfupi. Huko kwenye kitambaa cha kabati la mama kosa kama hilo lisingeonekana milele, lakini juu ya kitu kilichonyooka kweli kweli lilijianika lenyewe. Fundi Fremu aliketi. Moyo ulimdunda kwa furaha ambayo angeona haya kuieleza kwa mtu. Rubani, mpima macho wa watu, hakuona!

Dawa yake ilikuwa mezani, karibu na kiwiko. Kila fundi fremu ana kopo la vibanzi vya kadibodi vya kuficha mianya, na yeye alikuwa ameficha ya watu maisha yake yote. Kibanzi kimoja chini ya tairi, tone la rangi, basi. Alikichukua. Akakishika kidoleni. Akamsikia mama akisema mambo ya mbao.

Akakirudisha koponi. Alitia gundi magurudumu mawili tu, akaishikilia mabawa yakiwa sawa, na kabla gundi haijakauka akaizungusha ndege kidogo ili ubavu wa kushoto uwakabili watazamaji.

Ukumbini kesho yake mama alivaa miwani mpya aliyopewa na Rubani. Watu walizunguka meza. Rubani alifika akitweta, akaitazama sitaha kwanza, akamshika kaka yake bega. Kisha macho yake yalishuka kwenye gurudumu, yakakaa pale. Fundi Fremu alikuwa ameisubiri sura hiyo usiku kucha, na sasa ilipokuja hakujua aitazame vipi.

Mkuu wa waamuzi, mzee aliyetengeneza injini za ndege hadi kustaafu, aliinama mbele ya meza. Hakupapasa kishimo hata kimoja. Alilikodolea macho lile gurudumu mpaka watu wakaanza kunong'ona.

"Ndege nyingi za mfano zimekufa," alisema mwishowe. "Zimesimama tu kama viatu dukani. Hii inaondoka. Minyororo imefunguliwa, mtambo umesukuma, wimbi limeilaza meli upande, na gurudumu moja limeshaaga sitaha. Nani aliwaza hivi?"

Fundi Fremu alifungua kinywa, lakini Rubani alimtangulia.

"Ni kaka yangu. Mimi niliitengeneza imesimama. Yeye ndiye aliyeiona inaruka."

Fundi Fremu alimchungulia mdogo wake usoni akitafuta kejeli, hata chembe, apate pa kushika. Hakuikuta. Rubani alikuwa na machozi. Aliamini kila neno.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba akiingia atapigiwa makofi. Ukumbi ulipiga makofi, na katikati yake mama akaja, akamshika mwanawe mkubwa mashavu kwa mikono miwili kama mtoto aliyepata mia kwa mia.

"Mwanangu," alisema, "kumbe una jicho hivi, na mimi miaka yote sikukuona."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Sentensi moja ingetosha. Lakini alikuwa ameyangojea maneno hayo tangu utotoni, na mtu mwenye njaa hatemi tonge mdomoni. Akasema, "Ahsante, mama."

Sasa sitaha inakaa sebuleni kwa mama, juu ya meza yake yenyewe, mbele ya kabati. Kila Jumapili mgeni akiingia, ukuta unarukwa. Mama anaweka kidole chini ya gurudumu la kushoto, anamwita mwanawe mkubwa na kumtaka aeleze lilivyomjia lile wazo. Anaeleza. Siku hizi anaeleza vizuri, anataja na wimbi. Rubani hukaa kando akitikisa kichwa kwa fahari, na mkewe Fundi Fremu, ambaye hakuambiwa kitu ila anaijua shingo ya mumewe, huenda jikoni.

Vile vishimo mia moja thelathini na viwili hakuna aliyewahi kuviuliza. Na wivu haujamtoka. Ila siku hizi hamwonei Rubani. Anamwonea yule mtu anayesifiwa na mama, aliyeliinua gurudumu kwa ajili ya mdogo wake, mtu mwenye jina na sura yake, ambaye hajawahi kukanyaga dukani kwake.