Ng'ombe wa Shangazi na Jedwali la Tatu

Mimi na kompyuta hatuelewani, ndiyo maana namvulia kofia yule binti wa Kahe, kule tambarare, aliyetutengenezea mfumo kwenye ushirika wetu wa maziwa, huku Old Moshi.

Alianza na majedwali mawili. Moja lilikuwa la ng'ombe na wenye ng'ombe, jingine la maziwa yanayopokelewa kituoni kila asubuhi. Akaandika amri iitwayo JOIN ya kuyaunganisha kwa namba ya mwanachama, na shangazi yangu akapotea kwenye orodha. Maziwa yake yalikuwepo ila hakuwa na ng'ombe, na mstari uliokosa mwenzake JOIN ile huuacha nje.

Mwenyekiti akaja juu. "Huyo analangua maziwa ya watu! Kuanzia kesho asipokelewe."

Nilichemka. Shangazi ni mjane, na maziwa yale ndiyo yanayomweka mjini, ingawa anaishi mlimani. Kabla sijaropoka, binti akasema taratibu, "Mzee, naomba nikamwone kwanza."

Tukapanda. Tulimkuta shangazi anakatakata mgomba, na ng'ombe yuko bandani anacheua, mnene huyo!

"Shikamoo, mama. Huyu ng'ombe ni wako?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wa shemeji yangu, yuko Mabogini. Mimi namfugia. Maziwa na mbolea ni vyangu, ndama ni wa shemeji."

Sisi wa mlimani tumekulia kwenye desturi hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwambia binti. Mwingine angetusema. Yeye aliketi kwenye kigoda, kompyuta magotini, akaunda jedwali la tatu: ng'ombe yupi, mwenyewe nani, anafugwa na nani. Kisha akaunganisha maziwa na mfugaji, mfugaji na ng'ombe, ng'ombe na mwenyewe. Ilikuwa mistari michache tu, na kila mtu alikaa mahali pake. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti alisoma kwenye kioo cha kompyuta mbele ya foleni nzima. "Mwenye ng'ombe, shemeji yake wa Mabogini. Mfugaji, mama huyu. Haya, mpokeeni."

Shangazi, ambaye miaka yote kijijini ameitwa yule asiye na ng'ombe, hakuisogeza ndoo yake.

"Hebu soma tena," akasema, "hapo kwenye mfugaji."