Leza au Kisu: Msalaba wa Jirani Yetu

Mama jirani yetu hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alifiwa na mumewe. Ndugu walikuwa bado hawajakutana kuondoa matanga, na mchwa walikuwa wameshaula msalaba. Mchwa wa Nakivale hawana dini. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya brashi, kwa hiyo mvua ikamalizia kazi. Mama aliogopa kitu kimoja tu: siku moja afike makaburini asijue mumewe ni yupi.

Mimi, fundi mashuhuri wa viti vya miguu mitatu (vingi vilianza na minne), nikasema hilo waniachie. Nilikuwa nimeona kwenye simu mashine zinazochonga zenyewe. Kichwani tayari nilikuwa na karakana yangu, na foleni ya wateja mpaka Isingiro.

Basi nikabeba ubao mnene wa mvule hadi Mbarara. Karakana niliyoelekezwa ilikuwa na mashine mbili: leza inayochoma kwa mwanga, na CNC yenye kisu kinachozunguka na kuchimba mbao kwa amri ya kompyuta. Nikachagua leza palepale. Mtu atoke Nakivale aje mjini kutafuta kisu?

"Ssebo, bwana wangu," akasema mwenye karakana, "hii mbao ni nene, leza hapana kata. Itachoma juu tu, halafu jua itakula."

"Na plaiwudi?"

"Hiyo nakata safi, hata herufi kidogo kama ya Biblia. Lakini mvua ikikuja, inafura kama mandazi."

"Na hiyo ya kisu?"

"Inachimba ndani sana. Lakini kisu yake ni nono. Maneno mingi haiwezi kuingia."

Na maneno nilikuwa nayo. Familia ilitaka majina yote ya marehemu, cheo chake cha ushemasi, kijiji alichozaliwa kule Kivu, mstari wa Biblia, na jina la mdogo wake, ambaye hajafa ila hakupenda kusahaulika.

Akanitengenezea vipande viwili vya mfano, kimoja kwa kila mashine, nikarudi navyo nyumbani. Kikao kikaitishwa. Mdogo wa marehemu akanyakua kile cha leza.

"Hii. Yote inaingia. Ile ingine ni ya kupiga ng'ombe chapa."

"Papa, mvua itaiharibu," nikasema.

"Weye uko fundi wa mbao ao wa mvua?"

Mama hajui kusoma. Akachukua kipande cha leza, akapitisha kidole juu yake kama anayefuta vumbi. Kisha akachukua cha CNC. Kidole kikazama kwenye herufi ya kwanza, kikaanza kuifuata polepole.

"Hii ninaisikia," akasema.

"Lakini ushemasi hautaingia, mama. Wala kijiji. Jina moja tu, tena fupi."

"Mbinguni banajua kama alikuwa shemasi. Mimi ndiye nitakuwa ninamutafuta."

Akalitaja jina lile alilokuwa akimwitia mumewe chakula, ambalo nje ya nyumba yao halikujulikana.

"Na sisi?" akauliza shemeji yake. "Na jina yangu?"

"Weye ungali muzima, shemeji. Siku yako ikifika tutaandika yote, hata namba ya simu."

Nikarudi Mbarara. Msalaba ukatoka mzito, herufi zimechimbwa hasa, ila mwenye karakana akaniomba radhi: kisu ni cha duara, pembe za ndani za herufi haziwezi kuwa kali. Siku ya kuondoa matanga, ndugu wote wakiwa wamesimama kaburini, nami nikamwomba mama radhi hiyohiyo, kwa sauti ya fundi mkubwa.

Alikuwa amepiga magoti, kidole kiko katikati ya jina. Hakukitoa.

"Acha vile," akasema. "Na yeye tumbo yake ilikuwa ya duara."