Goti Nililolificha Maabara

Hii stori nimeikalia muda mrefu kwa aibu, na hata sasa nikiisimulia hasira inanipanda, nusu kwangu mimi mwenyewe, nusu kwa yule mkubwa wa utafiti. Ilikuwa kama mwaka 2018 hivi, naishi Longbridge, huku kwa Waingereza, natunza wazee majumbani mwao, nikajitolea kwa utafiti wa kutembea. Kazi ilikuwa kutembea tu: mtu mmoja, maabara tatu, unabandikwa vijipira vinavyong'aa nyongani, magotini na vifundoni, kamera zinakufuata, halafu wanaangalia kama vipimo vya maabara zote vinafanana (maana mtoto mwenye shida ya miguu akipimwa huku aambiwe apasuliwe, na kule aambiwe hapana, mamake amwamini nani?).

Maabara ya kwanza ilienda vizuri. Siku ya maabara ya pili, ile ya mjini karibu na Digbeth, nilichelewa treni, nikakimbia kwenye ngazi za stesheni zikiwa zimelowa, nikaangukia goti. Ningepiga simu niahirishe, lakini ingebidi niombe ofu nyingine na meneja wangu alikuwa ameshaanza kuninunia, kwa hivyo nikameza Panadol mbili nikaenda.

Aliyenibandika ni Mama Beatrisi, Mkongo wa makamo, mtu wa taratibu, anatafuta mfupa kwa kidole kabla hajabandika chochote. Tulifurahi kukutana kwa Kiswahili. Akaniuliza kama naumwa popote, nikasema niko sawa. Akanitazama nikitembea, akauliza tena, nikasema vilevile, na kwenye fomu ya kuthibitisha hivyo nikatia sahihi. Kufikia maabara ya tatu goti lilikuwa limepona, nikalisahau kabisa.

Miezi michache baadaye tukaitwa sote, tuliopimwa na waliotupima, kwenye mkutano wa kufunga kazi, na chai na keki. Mkubwa akaonyesha michoro ukutani: mistari ya goti langu ya maabara ya kwanza na ya tatu inalaliana, ya pili imeshika njia yake. Akasema, kwa ile sauti yao ya upole, kwamba tatizo ni mbandikaji, na Beatrisi hatapewa kazi hiyo tena. Mbele ya watu zaidi ya ishirini. Mama wa watu akainamisha kichwa.

Damu ilinichemka. Nikasimama (hakuna aliyeniomba) nikamwambia huyu mama ni makini kuliko wote walionishika, na wanamwonea kwa sababu ya rangi na lafudhi yake, nikagonga meza hadi chai ikamwagikia makaratasi yao. Mkubwa akaniuliza kama siku hiyo nilikuwa na shida yoyote mwilini. Hapo ndipo goti likanirudia akilini. Na hapo hapo, macho yote yakiwa kwangu, nikasema hapana.

Beatrisi hakubishana, aliomba tu video ichezwe. Nikajiona ukutani, nimevaa kaptula ya kubana, nachechemea waziwazi. Akanigeukia, akasema polepole:

"Mama, nilikuuliza mara mbili kama kuko fasi inakuuma. Ulinijibu nini?"

Mkubwa akataka kujua amesema nini. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua Kiswahili, ningeweza kusema anaomba maji. Nikatafsiri neno kwa neno, kisha nikasema nilimdanganya mara mbili, na wao nimewadanganya sasa hivi.

Mkubwa akaagiza vipimo vyangu vifutwe, akaendelea na ukurasa unaofuata. Kwa Beatrisi, hata samahani hakuna. Mimi nilimfuata koridoni kumwomba radhi.

"Makelele yako sikuyaomba," akaniambia. "Nilikuomba jibu tu."

Nilimwandikia mkubwa barua, nikimtaka amwombe mama yule msamaha mbele ya watu walewale. Akanijibu kwa mistari miwili, akinishukuru kwa kushiriki. Nikaichana. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama naumwa, awe daktari, awe meneja, namwambia panapouma, hata kama ni ukucha, na akitaka kununa, anune.