Kiduara cha Nadhifu

Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi alibandikwa jina la Nadhifu, na alilistahili. Kwa miaka kumi na mmoja aling'arisha buti kabla ya kunywa chai. Kampuni ilipompa simu yenye programu ya kitufe chekundu cha kuita gari la doria, nayo akaifagia. Kila alipomaliza kuitumia alizifunga kwa kidole programu zote zilizokuwa wazi hadi kioo kikabaki kitupu, akiamini hivyo ndivyo simu inavyokuwa nyepesi.

Mpwa wake, fundi simu, alimkanya.

"Mjomba, unajitesa bure. Programu ukiiacha inasinzia tu, ukiigusa inaamka. Ukiifunga kabisa lazima ianze upya: ijipakie yote, itafute mtandao, ikuulize wewe nani. Na simu yenyewe kumbukumbu yake ndogo."

"Mwanangu, msafi hafundishwi usafi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. La mdogo walilisahau.

Siku moja, saa saba mchana, waliingia wanaume watatu kama wateja. Wa kwanza alimshushia Nadhifu bomba la chuma mkononi, naye akausikia mfupa ukikatika. Bomba likamrudia mbavuni mara mbili, akaanguka nyuma ya mifuko ya saruji, wakamwacha wakidhani amekwisha. Wakamgeukia mtunza stoo, mama mtu mzima aliyemletea Nadhifu chai kila asubuhi. Walimburuta kwa nywele wakidai ufunguo.

Kwa mkono wa kushoto Nadhifu alichomoa simu, akaigusa programu. Kikatokea kiduara, kikaanza kuzunguka.

Mama alipigwa teke la uso, kisha jingine. Meno yakadondoka sakafuni. Akamwona Nadhifu kati ya mifuko, akaita, "Kaka! Kaka, nisaidie!" Kati yao zilikuwa hatua nne tu, na kando ya Nadhifu kulikuwa na koleo. Alijiambia subiri kidogo, inafunguka sasa hivi, doria wako mtaa wa pili. Kiduara kikazunguka. Mmoja akachukua nyundo ya dukani, akaipandisha, akaishusha kwenye jicho la mama. Damu ikaruka mpaka juu ya kioo cha simu. Nadhifu, Mungu amsamehe, akaipangusa kwa shati ili aone vizuri.

Kitufe kilipotokea alikibonyeza. Doria walifika upesi, wakawakamata wawili langoni. Mkuu wa kampuni alimsifu Nadhifu mbele ya wenzake kwamba hakupoteza akili.

Wiki iliyofuata, mkono ukiwa kwenye plasta, alikwenda hospitali kumwona mama. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: kumbukumbu ndogo, programu iliyofungwa, kuanza upya. Alimkuta ameketi kitandani, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Pole, dada," alisema.

Mama alimtazama kwa jicho lililobaki.

"Sina ugomvi na wewe, kaka. Nataka kujua tu. Nilipokuwa nakuita, ulikuwa unaangalia nini kwenye simu?"