Pedeli ya Kushoto

Kila kayaki ya pedeli pale dukani, mtumbwi mdogo wa kukanyaga kwa miguu, mzee aliipapasa kwanza ubavuni kwa vidole vyenye makovu ya ndoana, ndipo akaketi ndani. Katika ya mwisho akaanza kukanyaga. "Hii ndiyo yenyewe. Miguu inapiga kazi, mikono inabaki na mshipi. Samaki waanze kuaga kwao." Akacheka peke yake. Bintiye alikuwa anaitazama miguu yake. Tangu apate kiharusi, baba hakuwa na hadithi nyingine ila kurudi baharini. Mguu wa kulia ulikanyaga vizuri; wa kushoto ulingoja, mpaka mkono uliposhuka kama wa mtu anayejikuna na kulisukuma goti.

"Baba, tutazame ya injini?"

"Injini ya nini, mama, na miguu ninayo?"

Muuzaji, aliyeuona ule mkono, akamgeukia binti. "Vipi dada, aichukue?"

Mkono ukaliachia goti. Pedeli zikasimama.